Fundi wa Kompyuta Apimwe kwa Mtihani na kwa Kazi

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, kando ya Ziwa Victoria, ikatoa Azimio ambalo walimu wengi wanalikumbuka kwa jambo moja, nalo ni Elimu ya Msingi kwa Wote ifikapo mwaka 1977. Jambo la pili limesahauliwa. Kikao kile kiliamua kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, na wale aliofanya nao kazi wapate nafasi ya kueleza tabia yake na juhudi zake. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, na zilikuwapo sababu za kuulegeza. Hata hivyo, swali lililoulizwa Musoma lingali hai: cheti cha shule kinatueleza nini juu ya mtu ambaye hajapata kukabidhiwa kazi akaijibia?

Swali hilo linaturudia leo kwa mlango wa kompyuta. Na ni ajabu kidogo kwamba mwaka huo huo wa 1974 ndio Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Gharama yake ilikuwa kubwa, na waliojua kuiendesha walikuwa wageni. Makala haya hayakusudii kuwalaumu waliotoa katazo lile wala kuwatetea. Katazo lilikuja kulegezwa hatua kwa hatua, lakini liliacha pengo moja ambalo halisemwi sana. Ufundi wowote hurithishwa. Seremala hulelewa na seremala, na fundi wa meli pale Bandari ya Mwanza Kusini alifunzwa na fundi aliyemtangulia. Katika kompyuta tulikosa kizazi kizima cha mafundi wakuu ambao vijana wangeshika miguu yao. Mitambo ilipoanza kumiminika, ilikuta ofisi zisizo na mwalimu.

Mtumishi wa umma asomaye makala haya hahitaji kuelezwa ni kwa kiasi gani kazi yake sasa imo ndani ya mitambo hiyo. Anaomba uhamisho kwa kompyuta. Utendaji wake unapimwa katika PEPMIS, iliyochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Ada ya leseni, faini na kodi ya pango la soko hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo. Mtandao ukikatika katika halmashauri yoyote ya Kanda ya Ziwa, iwe Sengerema, Magu au Ukerewe, foleni husimama, na mkulima aliyetoka kijijini alfajiri hurudi na fedha yake mfukoni. Sasa aitwe nani? Mara nyingi anayeitwa ni kijana mwenye meza ya kutengeneza simu na kompyuta mjini, ambaye hana shahada wala stashahada, na ambaye katika orodha ya watumishi hayumo. Akimaliza kazi anapewa nauli na ahsante.

Kijana huyo ndiye hasa tunayemzungumzia, pamoja na mwenzake aliyehitimu chuo na kukaa nyumbani akisubiri usaili.

Duniani kote fani ya kompyuta ilitafuta njia yake ya kuwapima watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Novell ya Marekani ilianza kuwapa vyeti mafundi wa mitandao yake, kwa sababu kampuni ikiuza mtambo ilitaka kujua kwamba atakayeugusa hatauharibu. Mwaka 1993 kilianza cheti cha A+ cha chama cha CompTIA, kinachompima fundi wa kompyuta za mezani bila kujali aliyeziunda. Mwaka huo huo Cisco ilianza mtihani wake wa juu kabisa, CCIE, ambao sehemu yake ya vitendo humkalisha mtahiniwa saa nane mbele ya mitambo. Mwaka 1998 ikafuata CCNA, ambayo ndiyo mlango wa kawaida wa fundi wa mitandao. Vyeti vya A+ na CCNA sasa hudumu miaka mitatu, kisha mwenyewe ahuishe ujuzi wake au apoteze hadhi. Mtu haulizwi alisoma shule gani. Anaulizwa maswali ya kazi, akishinda anapewa, akishindwa anarudi kusoma.

Wako wenzetu wanaosema kuwa hizo ni karatasi za makampuni ya kibeberu, na kwamba taifa linalojitegemea haliwezi kuwapima watu wake kwa mtihani uliotungwa California. Hoja hiyo isidharauliwe. Ni kweli kwamba mtu aliyefunzwa kwa mitambo ya kampuni moja ataishauri ofisi yake inunue mitambo ya kampuni hiyo hiyo. Ni kweli pia kwamba kampuni hubadili mambo kwa hiari yake. Microsoft iliamua kuvifuta vyeti vyake vya MCSA na MCSE, na waliokuwa katikati ya safari wakalazimika kuanza njia nyingine. Tena kuna bei. Mtihani wa CCNA umetangazwa kwa dola 300 za Marekani, ambazo ni zaidi ya shilingi 700,000, wakati kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilichoanza Julai 2025 ni shilingi 500,000. Kwa hesabu hiyo mtihani mmoja unameza mshahara wa mwezi na kuudai tena nyongeza.

Lakini sisi wa Ziwa tuna somo letu juu ya vyeti vya wageni, na tulilipata kwa samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya uliwazuia sangara wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja. Kwanza kwa hofu ya kipindupindu, halafu mwaka 1999 kwa habari za samaki waliovuliwa kwa sumu. Hapa Mwanza watu waliendelea kula sangara na hawakuona ubaya. Lakini mnunuzi wa mbali haioni mikono ya muuzaji, na neno letu halikumtosha. Ikabidi mialo isafishwe, wakaguzi wafunzwe, maabara ya Nyegezi iimarishwe, na samaki wasafiri na hati ya afya. Katika kuutafuta ushahidi huo usafi wenyewe uliongezeka. Hatukuwa watumwa kwa kukubali kupimwa. Tulijenga maabara yetu, tukapima wenyewe, na dunia ikapokea kipimo chetu. Njia hiyo yafaa ifuatwe na kwa ujuzi wa kompyuta: tukipitie kipimo cha wageni kwa kuwa ndicho kilichopo, huku tukijenga chetu.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo, kwani mabishano juu ya cheti na uzoefu huendeshwa kana kwamba ni lazima kimoja kimuue mwenzake.

Tuchukue ofisi yenye kompyuta 20 ambayo kila siku, muda mfupi baada ya kazi kuanza, nusu ya kompyuta hukosa mtandao. Fundi aliyejifunza kwa mkono tu atazima swichi na kuiwasha, na kwa bahati mambo yatatengemaa hadi kesho. Mwenye cheti asiye na uzoefu atafungua kitabu cha kichwani mwake na kutaja sababu saba zinazowezekana. Fundi aliye na vyote viwili ataangalia anwani ambazo kompyuta zile zimepewa, ataona si za ofisi, na atatambua kwamba kuna chombo kingine kinachogawa anwani bila idhini. Kisha ataacha kompyuta na kuanza kutembea. Atachungulia chini ya meza moja baada ya nyingine mpaka akione kisanduku cha intaneti ambacho mtumishi mmoja amekileta kutoka nyumbani ili apate mawimbi mazuri, akakichomeka ukutani kila afikapo kazini. Kutambua kuwa kuna mgawaji wa pili wa anwani ni elimu, na mtihani wa CCNA unaipima. Kujua kwamba penye watu wengi hakukosi mtu wa kuleta kisanduku chake ni uzoefu, na hakuna mtihani unaoupima.

Ndiyo maana cheti kilichopatikana kwa kukariri ni hatari. Mitihani hii nayo ina wezi wake, wanaouza maswali na majibu kama wale wanaovujisha mitihani ya shule, na yupo anayefaulu bila kupata kuikata hata waya moja. Watumishi wa umma hawajasahau mwezi Aprili mwaka 2017, wakati uhakiki ulipowataja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Mwenye kukariri hakughushi karatasi, karatasi yake ni halali. Lakini mgonjwa aliye kwenye foleni ya hospitali ambayo mfumo wake umezimika haoni tofauti.

Kwa kijana wa Mwanza anayetaka kuanza leo, njia ipo ingawa ni ndefu. Aanze na vifaa: afungue kompyuta mbovu, ajue kila kipande, asome yaliyomo katika A+ hata kama hana fedha za mtihani. Cisco ina masomo yasiyolipiwa, na ina programu ya mazoezi, Packet Tracer, inayomwezesha mtu kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja kuukuu. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hailipiwi, nayo huendesha sehemu kubwa ya seva za duniani. Halafu aweke daftari. Kila hitilafu aliyoitatua aiandike: tarehe, mahali, dalili, sababu, tiba. Baada ya miaka miwili daftari hilo litamsemea mbele ya mwajiri kuliko barua yoyote ya utambulisho. Mtihani aulipie mwishoni, akiwa tayari, si mwanzoni kwa fedha ya kukopa.

Yote hayo ni juu ya kijana. Yapo yaliyo juu yetu sisi tulio maofisini, na hapa lazima tuseme wazi.

Azimio la Musoma lilipodai kijana afanye kazi kabla ya Chuo Kikuu, kazi ilikuwapo, na mwajiri mkubwa alikuwa Serikali na mashirika yake. Leo tunaendelea kudai uzoefu, lakini hatuutoi. Tangazo la kazi linataka shahada na miaka mitatu ya uzoefu, na kijana anajiuliza aupate wapi uzoefu huo ikiwa kila mlango una tangazo lile lile. Wengine wanaambiwa wajitolee. Wanajitolea mwaka, wanajitolea miwili, wanavuta waya za ofisi nzima, na nafasi ikitangazwa wanaambiwa muundo wa utumishi hauwatambui. Kumtumia mtu hivyo kisha kumwambia hana sifa ni jambo ambalo nchi iliyojengwa kwa heshima ya kazi isingelikubali.

Si kwamba hatujui kufanya vingine. Kwa wahasibu tulitunga sheria mwaka 1972, ikaundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mtu akiwa na shahada yake bado hafikii CPA mpaka afaulu mitihani ya Bodi na kazi ithibitishwe. Kwa mafundi wa magari na waashi tulikuwa na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na VETA imeendesha utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili fundi aliyejifunza gereji apimwe na kupewa cheti. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, ina jukumu la kuwasajili wataalamu wa fani hii. Kinachokosekana ni kuviunganisha. Kijana wa mezani mwa mtaa apimwe kwa vitendo pale Nyakato, katika chuo cha VETA, cheti chake kiwe na daraja, na daraja hilo liandikwe katika muundo wa utumishi kama sifa ya kuajiriwa fundi wa kompyuta. Ofisa wa kubuni mifumo abaki na shahada yake; hakuna anayemnyang'anya.

Walimu nao wana sehemu yao. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta katika shule nyingi za umma, na tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari. Chumba cha kompyuta kinachofungwa kwa kufuli saa tisa alasiri ni mali iliyolala. Kingeweza kuwapokea vijana wa mtaani jioni, mwalimu mmoja akiwasimamia kwa posho ndogo, nao wakilipa kwa kuzifanyia matengenezo kompyuta zile zile. Najua mkuu wa shule ataogopa wizi, na hofu yake si ya bure. Lakini kompyuta iliyokufa kwa vumbi nayo imeibwa kwa namna yake.

Mwisho kuna ile dola 300. Kila halmashauri ya Kanda ya Ziwa inaweza kumchagua kila mwaka fundi mmoja kati ya wanaoisaidia, ikamlipia mtihani kwa mkataba kwamba ataitumikia miaka miwili kwa ujira unaojulikana, na akishindwa mtihani arudishe nusu. Kiasi hicho kinakaribiana na posho ya ofisa mmoja kwa safari ya siku chache Dodoma, na vikao vya bajeti ndiyo mahali pa kulileta jambo hili.