Bati Halipikwi

Wako watu wasemao ya kuwa kompyuta haina shemeji wala mjomba, kwa hiyo hukumu yake juu ya maskini ni ya haki kuliko ya sheha. Neno hili lina kweli ndani yake, maana upendeleo wa shehiani twaujua sana. Walakini mimi nalikataa.

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, Bara na Visiwani, uliweka njia hii: mkutano wa watu hutaja kaya maskini, kisha huja mtu na karatasi ya maswali, akauliza idadi ya watu nyumbani, sakafu, paa, choo na vyombo. Majibu hutiwa katika kompyuta, nayo hukisia matumizi ya kaya ile. Liangalieni neno hilo: hukisia. Sufuria haikufunuliwa.

Sasa tuseme yuko mjane wa Micheweni. Mumewe aliezeka nyumba kwa bati mwaka ambao mikarafuu ilizaa sana. Nasi tukaao Pemba twajua ya kuwa mkarafuu hauzai vema kila mwaka. Mume amekufa, mikarafuu imekauka, bati lingali juu. Kompyuta huliona bati, njaa haiioni. Na jirani yake mwenye paa la makuti, ambaye mwanawe aliye Unguja humletea fedha kila mwezi, aonekana maskini kuliko yeye!

Tena si fikira zangu tu. Mwaka 2018 Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle walichapa utafiti juu ya nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, wakaonyesha ya kuwa hesabu za namna hii huwaacha nje maskini wengi.

Sheha akikosea, twamwendea barazani, naye huona haya. Kompyuta itaona haya mbele ya nani? Aliyeleta jibu atasema si yeye aliyekataa.

Mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, pasipo kuhesabu bati la mtu. Umri kila jirani aweza kuushuhudia. Basi, ikiwa hesabu ya kompyuta haina budi kutumika, kabla ya jina la mtu kufutwa, sababu isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, na mkutano uwe na amri ya kulirudisha.