Saa ya Mawe

Vyombo vya nyumba ya shamba vinapopigwa mnada huko Thika au Ruiru, huenda kati ya vitanda na makabati likatokea sanduku la mti, urefu wake futi mbili na zaidi, lenye uso wa saa juu na kioo cha picha chini. Ndani hamna kamani. Mna mawe mawili ya chuma yaliyofungwa kamba: moja huendesha mishale, la pili hupiga kengele. Mnunuzi akiona saa haitembei huipita, au hutoa bei ya mbao zake tu. Hapo hupoteza.

Saa hizo zilitoka Connecticut, Marekani. Huko, mwanzoni mwa karne ya 19, Eli Terry aliagana na wafanya biashara kutengeneza mitambo 4,000 ya magurudumu ya mti kwa miaka mitatu, naye akatimiza. Baadaye Chauncey Jerome alieneza mitambo ya shaba. Mwaka 1842 alipopeleka saa zake Uingereza, watu wa forodha walidhani ameandika bei ndogo kwa hila, wakazinunua wao wenyewe kwa bei ile ile na nyongeza kidogo. Jerome akafurahi, akaleta shehena nyingine, nayo ikanunuliwa. Ya tatu waliiacha ipite.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, wakati kamani ilikuwa imekwisha kuyashinda mawe. Kwa hiyo saa ya namna hiyo ikionekana huko, yaelekea imepitia mikono mingi, pamoja na ya mafundi. Yafaa ifunguliwe kabla ya kutaja bei. Kwanza itazamwe karatasi iliyobandikwa ndani, nyuma ya mtambo: saa ya Seth Thomas iliyoandikwa Plymouth Hollow ni ya zamani kuliko ya Thomaston, maana mahali hapo palibadilishwa jina katika miaka ya 1860. Kisha mawe: je, yote ni ya asili, au moja limetoka kwenye mizani ya duka? Kioo cha kale chenye ufa ni bora kuliko kipya. Na mtambo ukiwa umeng'olewa na kutiwa wa betri, lililobaki ni sanduku.

Aliyeipata nzima asiisugue kwa msasa, wala asitie mafuta meno ya mti. Aitundike, aitie ufunguo kila siku, asikilize mapigo yake. Yasipolingana, sanduku lisogezwe kidogo upande mmoja. Huenda hiyo ndiyo kasoro yote.