SIKU 21 SIO KIFUNGO!

Ndugu wanaushirika,

Wiki iliyopita kwenye foleni ya mizani yamesemwa maneno, na kilabuni yakatiwa chumvi. Ati Marburg ikirudi hapa Kagera, waliomgusa mgonjwa wakae karantini siku 7 tu, wapimwe damu mara moja, wakionekana safi waende zao shambani. Ati siku 21 ni adhabu kwa maskini. Na wanataka kikao cha Jumamosi kipitishe hivyo!

Mimi napinga.

Hebu tuulizane. Kuku wako analalia siku ngapi? 21. Siku ya 4 ukilitazama yai unaona nini? Yai tu. Kirusi cha Marburg nacho kina siku zake. Kikishaingia mwilini, homa yaweza kuanza siku ya 2, yaweza kungoja mpaka siku ya 21. Nani anajua yake itatoka lini? Hakuna. Ukimfungulia mtu siku ya 7, na homa yake ilikuwa itoke siku ya 12, umempeleka wewe mwenyewe sokoni, msibani, na kwa mama yake. Tena siku hizo zinahesabiwa tangu alipomgusa mgonjwa mara ya mwisho, sio mara ya kwanza.

Sasa kipimo. Hapo ndipo wapotoshaji wanapowachanganya watu. Kipimo kinatafuta kirusi ndani ya damu, kikiwa kidogo mno hakikioni. Hata mtu aliyekwisha kushikwa na homa, siku 3 za kwanza jibu laweza kuja safi na kumbe anao. Ndio maana damu inachukuliwa tena saa 72 zikishapita tangu aanze kuumwa. Na aliye mzima anapimwa joto kila siku mpaka zitimie. Jibu safi la siku ya 4 ni habari ya siku ya 4, basi. Sio cheti cha kutembelea!

Mwaka 2023 mmesahau? Ugonjwa ulitangazwa 21 Machi. Wagonjwa 9, wakafa 6. Watu zaidi ya 200 walifuatiliwa. Haukutangazwa kwisha mpaka 2 Juni, baada ya kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili. Januari 2025 ukatangazwa kuzuka Biharamulo, wakahesabiwa marehemu 10.

Lakini jambo moja wenzetu wamesema kweli, nalo linanikera zaidi. Mtu yuko karantini, kahawa yake inadondoka, watoto hawajala, jirani hata salamu ya mbali hatoi. Akitoroka usiku wa siku ya 9, mnamlaumu nani? Mimi naulaumu ushirika huu. Marburg haiji na upepo. Inapita kwenye damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, na nguo zilizochafuka nayo. Mbuni wa jirani aliye mzima utakuambukiza nini? Uvivu tu huo!

Kwa hiyo Jumamosi saa 4 naleta pendekezo: siku zibaki 21. Ghala litenge unga na maharage ya nyumba itakayokuwa karantini. Kahawa yake ichumwe kwa zamu, ipimwe, pesa iandikwe kwa jina lake. Anayetaka siku 7 aje aseme mbele ya wote, na aseme siku ya 8 nani atapokea wageni hao nyumbani kwake.

Katibu wa Tawi