Cheka Tukuone

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nataka tuongee kuhusu kichekesho kimoja nilichoposti kitambo, na kitabu cha watoto kilichonifanya nikifute.

Kichekesho chenyewe mnakijua. Stima imepotea, watu wako sebuleni, na jamaa mmoja mweusi kama mimi haonekani. Wengine wanamwambia, "Cheka tukuone." Anacheka, meno yanang'aa, muziki unaingia. Sekunde 20 tu. Hiyo ndiyo vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote, na nusu ya komenti zilikuwa za watu wakiwataja marafiki zao weusi. Nilijiona mkali.

Sasa, sista yangu ana mtoto wa miaka 5, yuko PP2 hapa Kisumu. Ngozi yake ni nyeusi kama yangu, na kama ya dani yake. Jioni moja tuko kwao Manyatta tunakula, stima ikapotea. Kabla mtu yeyote aseme kitu, mtoto akatugeukia na kutoa meno yote. Hakuwa anacheka. Hakuna kilichokuwa kimemchekesha. Alikuwa anafanya kile alichoona kwa simu ya mama yake, kwamba mtu mweusi akiwa gizani anatoa meno ndio aonekane. Mwenye alikuwa ameshawasha tochi ya simu akamwona, nyumba yote ikavunjika mbavu. Mimi nilishindwa kumeza ugali.

Kesho yake nikamkuta anachora familia. Mama yake, yeye, mimi. Wote ametupaka ile krayoni ya pinki iliyofifia. Nikamuuliza mbona sisi ni pinki. Akaniangalia kama mtu asiyejua kitu. "Anko, hii si ndiyo rangi ya ngozi?"

Kuna watu watasema mtoto wa miaka 5 ni mdogo sana kuongeleshwa mambo ya ubaguzi wa rangi. Ati muacheni mtoto awe mtoto. Ati hayo ni mambo ya Marekani, sisi hapa ni weusi wote. Mimi pia nilikuwa nafikiria hivyo. Lakini jiulizeni, nani amewahi kuacha kuwaongelesha? Mtoto akizaliwa, kabla hata watu waulize uzito, kuna shangazi anakagua masikio kuona atakuwa mweusi kiasi gani. Akianza kutembea anaambiwa asicheze juani asiungue awe makaa. Akifika shule anasikia nani ni "rangi ya thao" na nani ni "sufuria". Sisi wakubwa tunaimba yellow yellow kila siku halafu tunasema mtoto haelewi rangi. Somo lilianza kitambo. Kile hatujafanya ni kumpa mtoto jibu.

Na watoto wanashika haraka. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia wawili weusi, Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza yupi ni mzuri, yupi ni mbaya. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri. Halafu wakawauliza, "Yupi anafanana na wewe?" Kuna watoto walilia hapo. Utafiti huo ulitajwa kwenye kesi ya 1954 ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miaka 3, wasee. Huyo bado hajajua kufunga viatu.

Hapo ndipo nikaazima *Sulwe* kwa rafiki yangu. Kama hujui, ni kitabu cha picha alichoandika Lupita Nyong'o, kikatoka 2019, michoro ni ya Vashti Harrison. Ndiyo, Lupita mtoto wa Profesa Anyang' Nyong'o, gavana wetu hapa Kisumu tangu 2017. Sulwe ni nyota kwa Dholuo. Hadithi ni ya msichana mweusi kuliko kila mtu kwao, na dada yake ni mweupe na anapendwa na kila mtu shuleni. Sulwe anajaribu kujisugua na raba ya kufutia penseli. Anajipaka vipodozi vya mama yake. Anakula vyakula vya rangi nyeupe. Anaomba Mungu. Hayo Lupita hakuyatoa hewani. Mwaka wa 2014 alisema mbele ya watu kwamba akiwa mdogo alikuwa anaomba Mungu aamke akiwa mweupe. Mshindi wa tuzo ya Oscar huyo. Kama yeye aliomba hivyo, unafikiri mtoto wa Nyalenda anaomba nini?

Nilimkalisha okewo wangu tukaanza kusoma. Mimi ni mtu wa kelele, nikawa nafanya sauti zote. Tulipofika kwa picha ya raba akaninyamazisha. Akaweka kidole kwa mkono wa Sulwe.

"Anko, ilitoka?"

"Nini?"

"Hiyo nyeusi. Ilitoka?"

"Haikutoka."

"Hata akisugua sana?"

Hilo swali halikuwa la hadithi. Alikuwa anataka kujua kama inawezekana. Na kama nisingekuwa na hicho kitabu mkononi, hilo swali singelisikia hata siku moja, kwa sababu hakuna mtoto wa miaka 5 atakuja kukwambia, "Anko, nina shida na ngozi yangu." Maneno hayo hana. Lakini kidole anacho, na picha iko hapo. Hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha picha. Hakimhutubii mtoto. Kinampa mahali pa kuweka kidole.

Sasa nisiwadanganye kwamba tulisoma mara moja mambo yakaisha. Mara ya pili aliangalia dada yake Sulwe akauliza, "Kwani huyu ni Muhindi?" Nikakwama. Nikasema hapana, ni dada yake, watu wa nyumba moja wanaweza kuwa na rangi tofauti. Akasema, "Wahindi ndio wako na maduka." Hapo nikajua kuna kitu hicho kitabu hakitanisaidia. *Sulwe* kinamwambia mtoto yeye ni mrembo, na hiyo ni kweli na inahitajika. Lakini hakimwambii nani alipanga watu kwa rangi, na kwa nini. Na hiyo hadithi iko hapa hapa mjini.

Kwa hivyo tulichora yetu. Daftari la kurasa 32, krayoni, na mimi nikiwa msimulizi. Ukurasa wa kwanza, ziwa na samaki wa Dunga. Wa pili, gari la moshi. Reli ilifika hapa ziwani 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Waliojenga hiyo reli walikuwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, pamoja na Waafrika. Vibarua wengi wa India walirudi kwao, wengine wakabaki, na wafanyabiashara wakafuata na kufungua maduka. Ukurasa wa tatu, mlima. Wazungu waliokuwa wakitawala walijiwekea sehemu za juu zenye upepo mzuri, Wahindi wakawekwa karibu na biashara, Waafrika wakasukumwa pembeni na nje ya mpaka wa mji. Usiniulize kwa nini Milimani iko vile iko na Nyalenda iko vile iko, ukiwa pikipiki dakika chache tu unatoka moja kuingia nyingine.

Kwa mtoto nilisema hivi: "Kuna watu walikuja zamani wakasema mwenye ngozi nyeupe akae juu, mwenye ngozi nyeusi akae chini. Walikuwa wamekosea. Lakini nyumba bado ziko pale walipoziweka." Akafikiria. Akauliza, "Mbona hawakuambiwa waache?" Nikamwambia waliambiwa, na watu wengine walifungwa jela kwa kuwaambia. Huyo ni mtoto wa PP2, na alielewa vizuri kuliko mimi nilivyoelewa nikiwa fomu 3.

Na kuna upande wa pili, huu ndio watu huwa hawaupendi. Kama tunataka mtoto wetu aheshimiwe na weusi wake, lazima naye afundishwe kuheshimu. Wahindi wa Kenya wako hapa vizazi na vizazi, na serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii ya 44 ya nchi hii mwaka wa 2017, lakini bado tunawaongelea kama wageni waliokuja jana. Mtoto wa Kisomali anaitwa "waria" darasani, mwalimu yuko hapo anaendelea na somo. Mtoto wa mama Mjaluo na baba Mzungu anaitwa "pointi", kama yeye ni hesabu ambayo haijaisha. Mtoto mwenye ualbino anashikwashikwa nywele na watu wasiomjua. Ubaguzi si kitu ambacho sisi tunafanyiwa tu. Mtoto wako anaweza kuwa Sulwe mezani kwenu, na akawa wale watoto wa kumcheka Sulwe akifika shule.

Najua mtauliza, vitabu vya bei hiyo tutatoa wapi? Swali la haki. *Sulwe* kimetafsiriwa kwa Kiswahili na Dholuo, lakini kitabu kizuri cha picha bado kinaweza kushindana na bei ya unga, na unga utashinda. Kwa hivyo azima. Changeni na marafiki mnunue kimoja kizunguke ploti yote. Ingia kwa tovuti ya African Storybook, kuna hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, na unaweza hata kutunga yako na kuitafsiri hapo. Bando ya kuangalia vidio zangu wiki moja inatosha. Ama fanya kama sisi, daftari na krayoni.

Ukisoma, soma kwa lugha ambayo mtoto anachekewa nayo. Kama matusi yalikuja kwa Dholuo, jibu nalo lije kwa Dholuo. Usikimbilie funzo, uliza tu, "Unaona nini hapa?" kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Na usimsomee *Sulwe* saa moja halafu saa mbili unamwita Blackie. Mtoto ataamini ile ya saa mbili.

Hiyo ndiyo sababu nilifuta vidio. Watu wameniuliza kama nimekuwa laini. Wengine wanasema ni jokes tu, mbona tumekuwa na machungu. Mimi nakubali ni jokes. Joke ni shule yenye wanafunzi wengi kuliko zote Kenya, na mimi nilikuwa mmoja wa walimu. Ile vidio ilinipa wafuasi wengi, sitasema uongo, na kuifuta kuliniuma. Lakini sikuwa naweza kumsomea mtoto jibu huku swali lenyewe likiwa na jina langu juu yake.

Bado siku zingine anachukua pinki. Siku zingine anachanganya kahawia na nyeusi, anaganda hapo akisugua karatasi mpaka inakaribia kutoboka, ndio ipatikane rangi ya dani. Sijui itakuwaje akifika darasa la nne na watoto waanze kuchagua nani ni mrembo. Hiyo vita haijaisha.

Wiki jana stima ilipotea tena. Binamu yake mmoja akaanza, "We, cheka tukuone."

Mtoto akajibu kutoka gizani, bila haraka: "Si muwashe tochi."

Haya, niambieni hapa chini: nyinyi mkiwa wadogo mliitwa nani kwa sababu ya ngozi yenu? Na mlimwita nani? Jibuni yote mawili.