"Stree": mji ambamo wanaume njo wanaogopa usiku

Ukiangalia filamu za kutisha, kazi ya mwanamke inajulikana mbele hata filamu haijaanza. Atapiga kelele, atakimbia, ataanguka, na mwanaume atakuja kumwokoa. Ao basi yeye mwenyewe njo mchawi. Na kama ni filamu ya kuchekesha, watamchekea mwili.

Filamu ya Kihindi "Stree", ya mwaka 2018, iligeuza mambo hayo juu chini. Ya pili yake, "Stree 2", iliyotoka tarehe 15 Agosti 2024, ilikuwa moja ya filamu za Kihindi zilizoingiza makuta mingi kabisa mwaka ule. Kumbe watu walipenda. Walicheka nini?

"Stree" maana yake ni mwanamke. Hadithi iko Chanderi, mji mdogo katikati ya India. Kila mwaka, usiku nne za sikukuu, mzimu wa mwanamke unazunguka mu barabara na kuchukua wanaume. Anaita jina lako kwa nyuma. Ukigeuka tu, umekwisha: nguo peke njo zinabaki pale. Kwa kujikinga, watu wanaandika kwenye ukuta wa nyumba maneno ya kumwomba arudi kesho. Hilo halikutungwa na watu wa sinema: hadithi kama ile ilitembea kabisa kusini mwa India miaka ya 1990, na watu waliandika mlangoni vilevile.

Basi wanaume wanajifungia. Bwana njo anaambiwa asichelewe kurudi. Mwingine, akilazimika kutoka, anavaa sari ili mzimu usimtambue. Mu filamu nyingi mwanaume mwenye nguo za kike anatosha kuchekesha, na anayechekwa ni mwanamke. Hapa hapana. Tunamcheka huyu baba juu ya hofu yake, na ni hofu ambayo dada yake anaijua kila usiku wa mwaka mzima. Amar Kaushik, aliyeiongoza, hahubiri. Anaacha watu wacheke, halafu wajisikilize.

Na ule mzimu ni nani? Zamani alikuwa mwanamke ambaye wanaume wote wa mji walitaka mwili wake, hakuna aliyemheshimu. Alipopata mmoja wa kumpenda, wanaume wa mji wakawaua wote wawili usiku wa ndoa. Kwa hiyo dawa yenyewe ni heshima. Mwishoni mji unamsimamishia sanamu, na maneno ya ukutani yanageuka: sasa wanamwomba awalinde.

Tusisifu kupita kiasi. Anayebeba hadithi bado ni Vicky, kijana mshonaji, pamoja na barafiki zake. Mwanamke mwenye nguvu zaidi, anayechezwa na Shraddha Kapoor, hatuambiwi hata jina lake. Na kuna zile nyimbo ambamo msichana anakatika mbele ya wanaume, kamera ikishuka kiunoni: biashara ni ileile ya zamani. Mu filamu ya pili, zimwi lisilo na kichwa linateka wanawake wanaotaka kuishi kwa akili yao wenyewe. Safari hii angalau mbaya ni mwanaume, lakini wanawake wengi wanarudia kazi ya kungojea kuokolewa. Kwangu ya kwanza inaishinda, hata kama ya pili iliuza zaidi.

Sisi watu wa migodi tunaijua hadithi ya mwanamke wa kuogopwa bila kwenda India. Kwenye machimbo mengi ya mkono wanasema mwanamke akishuka shimoni, mawe yanakimbia. Akiwa na siku zake, ndiyo mbaya zaidi. Tunasema ni desturi, tunapita. Lakini fuata makuta: bamama wanabaki juu kusafisha, kutwanga, kuchagua, kubeba. Anayeshuka shimoni anapata sehemu yake mawe yakiuzwa. Mama wa kusafisha analipwa kwa mfuko, na bei ya mfuko hapangi yeye.

Mu Chanderi ya sinema, mzimu alikuwa na sababu yake, na mtu mmoja alikwenda kuitafuta. Kule kwenye karieri, sijasikia mtu amemuuliza mchimbaji mzee hadithi ya mawe kukimbia ilianzia wapi, na mara ya mwisho mwanamke alishuka lini, na siku ile walitoa mifuko mingapi.