Sindano na Heshima Yake

Sindano ni chombo kidogo kuliko vyombo vyote vya kazi vilivyomo nyumbani. Huweza kupotea katika ukili wa mkeka, na wengi huitafuta kwa hofu ya kuchomwa tu, si kwa haja ya kushona. Lakini udogo wa kitu si udogo wa thamani yake. Shati ulilovaa, msomaji, na mfuko unaobebea vitabu vyako, na godoro unalolalia, vyote vilipita mbele ya sindano kabla ya kukufikia wewe.

Pamoja na hayo, sindano imedharauliwa. Katika nyumba nyingi za nchi yetu mvulana wa shule akikatikiwa na kifungo humwita mama yake au dada yake. Akiambiwa aketi achukue uzi mwenyewe, hucheka kama mtu aliyefanyiwa mzaha. Msichana naye siku hizi husema kwamba kudarizi ni kazi ya mabibi wazee wasiokuwa na simu za kuwapitishia jioni. Nakusudia kuwapinga wote wawili, na kuonyesha kwamba kushona kwa mkono, kwa hiari na kwa furaha, katika nyumba ya mtu mwenyewe, ni jambo linalomfaa kila kijana.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni kuwa sindano ni ya wanawake. Hoja hii ni kongwe, lakini ukongwe haukuifanya kuwa kweli. Tembea katika mji wowote wa Kenya utazame barazani mwa maduka. Wengi wa mafundi wanaokanyaga cherehani, na tepu za kupimia zimening'inia shingoni, ni wanaume. Nenda Lamu, utakuta matanga ya majahazi yakishonwa kwa mkono, na wayashonao ni wanaume, kwa sindano nene na uzi mgumu. Hakuna aliyewaambia mabaharia hao kwamba wamejivunjia heshima.

Basi mwanamume hakuikimbia sindano. Ameikimbia sindano isiyolipwa. Sindano ikileta fedha huitwa ufundi, na aishikaye huheshimiwa kwa jina la fundi. Sindano hiyo hiyo ikitumiwa nyumbani, kumshonea mtoto sare iliyochanika, huitwa kazi ya mama, wala haitajwi tena. Hapo ndipo ulipo ubaya ninaoushambulia. Mvulana anayesema kwamba kushona si kazi yake hasemi neno lolote juu ya sindano. Anasema tu kwamba yuko mtu mwingine nyumbani ambaye wakati wake ni wa bure. Mtu huyo ni mama yake mzazi. Je, msomaji, hilo ni neno la kujivunia?

Itazame kofia ya vito, ambayo ni fahari ya wanaume wa pwani siku za Idi na za harusi. Katika kitambaa cheupe hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kingo zake zikakaza, kimoja baada ya kimoja, hata ua zima likatokea. Kofia moja huweza kumchukua mshonaji wiki nyingi. Mtu huiweka kofia hiyo juu ya kichwa chake, mahali pa heshima kuliko pote mwilini, kisha akaona haya kuishika sindano iliyoifanya.

Hoja ya pili ni ya wale wasemao kwamba kushona hupoteza wakati wa masomo. Fikira hii tumeijenga wenyewe. Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watoto wa shule za msingi walifundishwa sayansi kimu pamoja na sanaa na ufundi, wakatahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa taifa, na katika shule nyingi somo lililoondoka katika mtihani liliondoka pia katika mikono ya wanafunzi. Tukalea vijana wanaouliza juu ya kila elimu, "Ina alama ngapi?" Swali hilo ni la mfanyabiashara, halimfai mwanafunzi.

Lakini hata anayetafuta faida asiidharau sindano. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu katika mji wa Lyon. Mshipa wake mkubwa wa damu ulikatika, na madaktari wa siku zile hawakujua namna ya kuushona, akafa. Mjini humo alikuwako kijana aliyekuwa akisomea udaktari, jina lake Alexis Carrel. Kijana huyu hakuona aibu kwenda kwa mwanamke fundi wa darizi na kujifunza kwake namna ya kutumia sindano nyembamba na uzi mwembamba. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuunga mishipa ya damu na kupandikiza viungo. Wewe unayetaka kuwa daktari, kumbuka kwamba elimu hiyo ilipitia mikononi mwa mdarizi.

Hoja ya tatu husema kwamba cherehani na mitumba vimekwisha kuiua sindano ya mkono. Sikatai kwamba cherehani ina kasi, wala kwamba katika soko la Gikomba mtu mwenye fedha kidogo huweza kupata vazi la kumsitiri. Lakini unafuu wa bei umetuzoeza ubadhirifu. Suruali hufumuka mshono mmoja asubuhi, mwenyewe huiacha, jioni mshono umekuwa mpasuko, na kesho yake suruali imetupwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazama jaa la Dandora uone ni vitambaa vingapi vimelala humo ambavyo vingalihitaji uzi wa shilingi chache na robo saa ya utulivu.

Nimekwisha kusema juu ya faida. Sasa niseme juu ya furaha, maana bila furaha kazi ya nyumbani huwa mzigo tu. Kusanya nguo kuukuu zisizovalika tena. Zikate vipande vya mraba vilivyo sawa, kila kimoja sentimita 15 kwa 15, uviunge kwa mkono mpaka vitoshe kitanda. Chini tandika shuka kuukuu, katikati blanketi lililochakaa, juu vile viraka vyako, kisha pitisha uzi katika tabaka zote tatu. Utakuwa umepata mfarishi. Kila kipande utakijua: hiki kilikuwa gauni la dada, hiki shati la baba, hiki sare yako ya darasa la kwanza. Vidole vitauma mpaka vizoee subana, na mishono ya kwanza itakwenda upande. Lakini wakati mikono inafanya kazi, moyo hupumzika, na watu walioketi pamoja wakishona huzungumza kwa namna wasiyoweza kuzungumza wakiwa wameinamia simu.

Wala usidhani kwamba kazi ya viraka ni kazi duni. Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya kupata uhuru alishona kwa vipande vya nguo mfarishi wenye picha za hadithi za Biblia: Adamu na Hawa, ngazi ya Yakobo, karamu ya mwisho. Ufukara ulimlazimisha kuuuza kwa dola 5. Alikufa mwaka 1910. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington, na mwingine wa mkono wake uko katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Matajiri wengi waliolala chini ya mablanketi ya madukani wakati wake wamesahauliwa.

Basi, vijana, acheni kuirithi dharau msiyoijua ilikotoka. Mvulana na aanze kwa kifungo chake mwenyewe, tena aanze leo, kabla mama hajaombwa. Msichana asiikatae sindano kwa sababu tu wengine walimlazimisha bibi yake kuishika. Na aichukue kwa hiari, kama achukuavyo kalamu. Na wote wawili wakiwa na kiraka nguoni kilichoshonwa vizuri, wasikifiche. Mwenye haki ya kuona haya ni yule ambaye nguo yake nzima imeshonwa na mikono ya watu, na yeye hajui hata kupitisha uzi katika tundu la sindano.