Gari linalolia lisinyamazishwe kwa oili

Naomba nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagharimu fedha nyingi wenye magari hapa nchini. Jambo lenyewe ni kulia kwa magari baada ya kufungwa spea mpya za chini, yaani bushi, shokapu, boljointi na springi.

Siku hizi ni kawaida kumsikia mwenye gari akilalamika, "Nimebadilisha bushi zote, na sasa gari linalia kuliko zamani." Akirudi gereji, fundi humwambia, "Bosi, spea ulizoleta ni feki." Akirudi dukani, muuzaji humwambia kwamba fundi wake hajui kazi. Lawama huzunguka kati ya watu hao watatu, na mwisho wake mwenye gari hutoa fedha tena, hununua bushi nyingine, hufungiwa na fundi yule yule kwa namna ile ile, na baada ya wiki chache mlio unarudi. Je, ni nani wa kulaumiwa?

Mimi ni fundi wa magari wa siku nyingi. Sikatai kwamba spea bandia zipo, tena zipo madukani na zinaua. Lakini katika magari yanayoletwa kwangu yakilia, mara nyingi nakuta spea si mbaya ila ufungaji ndio mbaya. Na kuna ubaya mwingine unaozidi huo wa kufunga vibaya, nao ni tabia ya kuunyamazisha mlio kwa oili bila kutafuta unatoka wapi. Naomba nieleze.

Kwanza, bushi ya mpira. Bushi hii haizunguki kama beringi. Mpira wake umeshikana na vyuma viwili, cha ndani na cha nje, na gurudumu linapopanda na kushuka mpira ndio unaojipinda na kujirudisha. Sasa tazama tunavyofanya katika gereji zetu. Gari linainuliwa kwa jeki, magurudumu yananing'inia, bushi inaingizwa, na nati inakazwa pale pale mpaka mwisho. Gari likishushwa, mpira unakuwa umeshapindwa hata kabla halijatoka gereji, na kila tuta unazidi kupindwa. Haupiti muda mrefu mpira unachanika, chuma kinaanza kukwaruzana na chuma, na mwenye gari anaambiwa kuwa ameuziwa spea feki. Njia iliyo sahihi ni kuishika nati bila kuikaza, kulishusha gari likalie magurudumu yake kwa uzito wake wote, kulitikisa mara kadhaa, ndipo nati ikazwe. Kazi hiyo haiongezi hata nusu saa.

Pili, ziko bushi ngumu za poliyurethani, ambazo mara nyingi huwa nyekundu, njano au buluu. Watu wengi wanazipenda kwa sababu hudumu na hulifanya gari lisiyumbe. Hizi ni tofauti na zile za mpira, kwani huzunguka juu ya bomba lake la chuma, na kwa hiyo zinahitaji grisi. Zikifungwa kavu lazima zitalia "nywii, nywii" kila gari linapopita tuta, hata kama zimetoka kiwanda bora duniani. Tena si grisi yoyote. Inayofaa ni ile ya silikoni, nzito, ambayo mara nyingi huwekwa ndani ya pakiti ndogo pamoja na bushi. Fundi asiyejua huitupa pakiti hiyo, au anapaka grisi ya beringi ambayo haikai muda mrefu, na ikichuruzika ikafika kwenye mipira ya kawaida huivimbisha na kuilainisha. Dawa ya mlio wa namna hii ni kufungua, kusafisha, kupaka grisi inayotakiwa na kufunga tena. Hakuna haja ya kununua bushi mpya.

Bushi za stabilaiza nazo zina masharti yake. Pale zinapokaa kwenye fimbo ya chuma pasafishwe kutu na tope kwanza. Tena kipimo cha bushi lazima kilingane na unene wa fimbo. Tofauti ya milimita moja au mbili inatosha kuleta kelele, na hili dukani huwa haliulizwi. Tunauliza jina la gari tu na bei.

Tatu, kuinua magari. Kwa sababu ya hali ya barabara zetu nyingi, wenye magari madogo wanaongeza vyuma au mipira chini ya springi ili gari liwe juu. Siwalaumu. Lakini gari likiinuliwa, mikono yake ya chini hukaa kwa pembe nyingine. Boljointi huenda karibu na mwisho wa uwezo wake wa kujikunja, linki za stabilaiza huvutwa, na bushi zote za mpira zilizokazwa kwa kimo cha zamani hubaki zimejipinda. Kwa hiyo baada ya kuinua gari, nati za bushi zilegezwe na kukazwa upya kwa kimo kipya, ncha za springi zitazamwe kama zimekaa kwenye vikalio vyake, na magurudumu yapimwe yalivyoelekea. Wengi hawafanyi hata moja katika hayo matatu, kisha wanashangaa gari linalia na linakula matairi upande mmoja.

Nne, springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Wazee waliokuwa wakiendesha Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1948, wanazifahamu vizuri. Hata Toyota Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza mwaka 1984 na ambazo mpaka leo zinafanya kazi katika hospitali, miradi na mbuga zetu, zinatumia springi hizi nyuma. Hulia vumbi na kutu vikiingia kati ya vyuma, vile vipande vya plastiki vya kwenye ncha vikiisha, au bushi zake zikikauka. Dawa inayopendwa mitaani ni kumwaga oili chafu ya injini. Gari hunyamaza siku chache, halafu oili ile inanasa vumbi na kuwa kama msasa, nayo mipira ya bushi inalainika. Kinachotakiwa ni kufungua springi, kusugua kila chuma kwa brashi ya waya, kubadilisha vile vipande vya plastiki na kufunga.

Sasa, mwenye gari au fundi atajuaje mlio unatoka wapi? Kila mlio una tabia yake. Gari likilia limesimama huku ukizungusha usukani, anza na beringi ya juu ya shokapu, kisha boljointi na tairodi. Mtu mmoja akizungusha usukani, mwingine aweke kiganja juu ya springi ya mbele. Kama springi inashtuka na kuruka badala ya kuzunguka taratibu, beringi ya juu imekwama. Gari likilia linapopita tuta polepole, tazama bushi. Likigonga "go, go, go" kwenye barabara ya rasta, tazama linki za stabilaiza na nati za shokapu. Likilia wakati wa kukanyaga breki tu, anza na breki zenyewe kabla hujagusa kitu kingine.

Ipo pia njia ambayo haigharimu hata senti moja, nayo ni jagi la maji. Mwagia maji bushi moja tu, kisha mwenzako alibonyeze gari kwa nguvu upande huo. Likiendelea kulia, nenda kwenye bushi ya pili, na ya tatu. Ile ambayo ukiimwagia mlio unakoma kwa muda ndiyo mkosaji. Maji yatakauka na mlio utarudi, lakini sasa unajua mahali pa kufungua. Kipande cha mpira wa kumwagilia bustani nacho kinafaa. Ncha moja iwe sikioni, nyingine uisogeze karibu na kila kiungo huku gari likitikiswa. Ila nasisitiza, mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekewe stendi imara.

Ndugu Mhariri, naomba nisieleweke kwamba nazungumzia kelele za kuudhi masikio tu. Boljointi za magari ya zamani zilikuwa na chuchu za kupigia grisi, na dereva mwangalifu alikuwa akizipiga mara kwa mara. Nyingi za siku hizi zimefungwa moja kwa moja, na kinga yake ni kile kimpira kidogo cha nje. Kikichanika, maji na mchanga vinaingia, grisi inatoka, na boljointi inaanza kulia. Mlio huo ndio onyo la mwisho ambalo dereva anapewa. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari na usukani haufanyi kazi tena. Fikiria jambo hilo likitokea kwenye mteremko wa Kitonga, gari limejaa abiria.

Kuna dereva mmoja wa teksi aliyekuja kwangu kwa shida ya matairi kuisha. Alikuwa amekwisha sahau mlio, kwa sababu kila alipokwenda kuosha gari alikuwa akipuliziwa oili chini na mlio unakoma. Nilipoinua gari na kulishika gurudumu juu na chini, lilicheza kama jino bovu. Kimpira cha boljointi kilikuwa kimebaki vipande. Dereva huyo alikuwa akibeba watu kila siku. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Wenye maduka ya spea wauze bushi pamoja na grisi yake pale inapohitajika, na waweke karatasi ya maelezo ya kufunga kwa Kiswahili. Maelezo mengi yanayokuja ndani ya maboksi ni ya lugha ambazo fundi wa kawaida hazisomi. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lingefanya jambo jema kama lingewabana waagizaji juu ya maelezo hayo kama linavyofuatilia ubora wa bidhaa zenyewe.

VETA nayo, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi, ifikirie kuwapelekea mafundi wa mitaani mafunzo mafupi ya jioni juu ya sehemu za chini za gari peke yake. Wengi wetu tulijifunza kwa kumtazama fundi aliyetutangulia, na makosa yake tukayarithi pamoja na spana zake.

Sisi mafundi tuache kumkabidhi mtu gari kabla ya kuliendesha pamoja naye, na tumrudishie spea yake ya zamani aione kwa macho. Bushi iliyotolewa husema yenyewe kama ilichanika kwa uzee au kwa kukazwa vibaya. Tabia hii itapunguza ugomvi na itatujengea heshima.

Mwisho, wenye magari. Mnatuletea gari asubuhi na mnalitaka saa sita, na swali lenu ni moja tu, "Kelele imeisha?" Fundi mwenye njaa akiulizwa hivyo, atatafuta kopo la oili. Ulizeni, "Ilikuwa inatoka wapi, na umefanya nini?" Asiyeweza kuwajibu hayo mawili hajalitengeneza gari lenu, ameliziba mdomo tu.

Fundi wa Siku Nyingi,
Morogoro.